Majani Chini ya Kokoa

Tusajigwe mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kusema kwamba hofu na mashaka ni kwa aliye mbali. Wewe bado hujawa mbali. Uko Njisi kwa shangazi yako unaaga, na kwa jinsi ninavyomjua shangazi yako, hatakuachia kabla hujala mara mbili. Mvua imenifungia ndani, baba yako amelala na redio tumboni, nami nimepata mchana wangu. Kwa hiyo kwa leo hofu na mashaka ni kwangu mimi, niliyekaa hapa mezani na kopo lako mbele yangu.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, wala za wanaume, wala za kula kwa wakati. Hayo mama zako wadogo wamekueleza wiki nzima, na wengine wamekufundisha mambo ambayo wao wenyewe hayajawahi kuwasaidia. Mimi nina neno moja la kopo.

Juzi uliponipa ile dawa ya mchwa, umeifunga kwenye karatasi yenye maua, nilikushukuru. Nilisema ndaga fijo mara tatu, mpaka ukanitazama kwa wasiwasi. Ulikuwa na haki. Mtu anayeshukuru mara tatu ana jambo. Ukanieleza kwamba tajiri wako wa Mbeya amekupa kopo hilo kabla hujaanza kazi dukani kwake, ili uijue bidhaa utakayouza, nawe ukaona wa kwanza kuitumia awe mama yako. Kisha ukanionyesha nguzo ya jiko yenye vijia vya udongo, ukaniambia, "Mama, mwaka huu nguzo, mwakani kitanda. Nyunyiza mpaka kule kwenye kokoa, wasirudi tena."

Sikukujibu. Kukujibu kungenilazimu nianze miaka mingi nyuma, na wewe ulikuwa unawahi kusuka nywele. Sasa zimeshasukwa, na kesho unaondoka. Nakuandikia ili ujue kwa nini kopo hili halitafunguliwa katika nyumba hii, na ili usije ukafanya ukiwa nyuma ya kaunta yale niliyoyafanya mimi kwa mdomo wangu.

Nilipoolewa hapa nilikuja na sifa moja, na hiyo moja ilifika mpaka Kasumulu: kufagia. Mama yangu alinilea nikiamini kwamba mwanamke husomwa uwanjani kwake kabla hajafungua mdomo. Uwanja usiwe na jani hata moja, na mistari ya ufagio ionekane kama nywele zilizochanwa. Basi nilifagia uwanja. Ulipokwisha nikafagia chini ya migomba. Huko nako kulipokwisha nikaingia shamba la kokoa la babu yako, nikafagia mti kwa mti. Unayajua majani ya kokoa, makubwa, magumu, yanaanguka mwaka mzima, ukiyakanyaga yanalia kama magazeti. Nilikuwa nayasukuma kwa marundo nikiyachoma. Waliopita njiani kwenda Mwaya walisimama kutazama. Mama mmoja alisema shamba lile mtu angeweza kumwaga wali chini akala. Sifa hiyo niliibeba kichwani miaka mingi, tena bila kata.

Aliyechukia alikuwa babu yako. Lakini angeniambiaje? Wewe ulikuwa mdogo, ila utakumbuka jinsi nilivyokuwa nikisikia kikohozi chake naingia migombani na mtungi wangu. Mkwe wa kike kwetu haonani na baba wa mumewe, wala hawasemeshani. Kwa hiyo alikuwa anasimama upande wa pili wa banda anazungumza na ng'ombe wake mwekundu, kwa sauti ya kumtosha ng'ombe na nusu ya kijiji. Alimwambia kwamba siku hizi kuna upepo unaingia shambani kila asubuhi unachukua majani yake, na upepo huo ukipumzika kidogo yeye atashukuru. Nami nyuma ya nyumba nilikuwa namjibu kuku. Nilimwambia kuku kwamba uchafu ni uchafu, uwe sebuleni uwe shambani, na kwamba kuna watu wamezoea uchafu. Tuliishi hivyo miaka yote mpaka Mungu alipomchukua. Ng'ombe na kuku hawakugombana hata siku moja.

Usidhani nakuandalia hadithi ya mzee aliyejua siri za udongo. Na mimi baada ya maziko nilianza kudhani hivyo, nikamwendea bibi yako nimuulize marehemu aliona nini katika majani yale. Bibi yako alicheka mpaka akashika ubavu. Mzee alichukia mlio wa ufagio alfajiri. Alikuwa anataka kulala.

Basi ndiyo hivyo. Hakukuwa na mtu wa kunifundisha, ikabidi nijifunze kwa kuharibu.

Mwaka uliofuata mchwa waliingia ndani. Walipita chini ya sakafu wakalifuata sanduku langu la mbao, lile nililokuja nalo. Nilipolifungua, vitenge vilikuwa vimebaki mikunjo tu, na cheti changu cha darasa la saba walikuwa wamekila chote wakaacha muhuri. Nilikishika kile kipande cha duara nikalia. Hujawahi kuniona nikilia kwa ajili ya karatasi, lakini karatasi ile ndiyo ilikuwa ushahidi wangu pekee kwamba niliwahi kuwa mtu wa kwanza katika jambo ambalo si kufagia. Siku ile niliapa kwamba mimi na mchwa hatutaishi kata moja.

Biashara ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Vitu ambavyo tulikuwa tunavipigia foleni, au tunavisikia tu kwamba viko Malawi, vilianza kuvuka mto Songwe mchana kweupe. Mjomba wako alikuwa na kibanda pale Kasumulu, akaniletea unga mweupe katika kopo la maziwa ya watoto. Halikuwa na maandishi yoyote, ila ile picha ya mtoto mnene anayecheka. Mjomba aliniambia niweke kijiko kimoja katika tundu la kichuguu. Mimi mwenye sanduku tupu niliona kijiko ni huruma. Niliweka kwa bakuli. Nyumbani, uwanjani, migombani, na shamba lote la kokoa, kila kichuguu na kila kijia. Kuku wanne walikufa nikawafukia kimya kimya. Mchwa waliisha. Nikatembea juu ya ardhi ile kama mkuu wa wilaya.

Na ushindi haukunitosha peke yangu. Jirani yetu Mama Lusajo, mjane, alikuwa na shamba linalopakana na letu kwenye mfereji. Yeye hakuwa na ugomvi na mchwa. Kila mvua za kwanza uyoga wa kichuguuni ulikuwa unamwotea mwingi, na kila mwaka alituletea sahani. Mwaka ule alileta ile sahani yake ya bati ya buluu, imejaa. Mimi nikiwa nakula uyoga wake nikamwambia kwamba mwanamke asiye na mume ndiye anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, watu wasimseme kwamba shamba limemshinda. Mwanangu, niliyapanga maneno hayo. Nilijua yatamwingia wapi. Siku ya tatu alikuja kuchukua unga, nami nikaenda kumsaidia kumwaga.

Mvua zilizofuata nilikuwa na mimba ya mdogo wako, siwezi kuinama, ufagio ukapumzika. Majani yakaanguka yakakaa. Nilidhani yataoza yenyewe, kama kila kitu kinavyooza huku kwetu, ambako hata viatu huota ukungu kanisani. Hayakuoza. Yalilowa, yakalaliana kama maboksi yaliyonyeshewa. Mwaka wa pili yakaja mengine juu yake. Maji ya mvua yakawa yanasimama juu ya yale majani kama kwenye sinia, hayazami. Nilipochoma jembe chini lilirudi na mlio. Udongo ulikuwa umefunga kama sakafu ya shule. Miti ikaanza kukauka ncha, na matunda yakageuka meusi yakiwa bado machanga. Bwana shamba alikuja, akatazama, akasema ni ugonjwa. Nikamuuliza dawa yake, akasema nisafishe shamba.

Hapo ndipo nilipoanza kutumia macho.

Kuna ule msitu wa matambiko kando ya mto, ambao haukatwi wala haulimwi. Miti yake ni mirefu kuliko mnara wa kanisa na inamwaga majani kuliko kokoa zetu zote. Nilijiuliza swali la kipumbavu, na ninakuachia swali hilo kama urithi: huku nani anafagia? Tangu dunia iwepo majani yanaanguka pale, mbona hayajafika kiunoni? Nilikwenda na mundu, nikijifanya natafuta kuni, nikakaa asubuhi nzima. Nilitoboa majani kwa kidole. Tabaka la juu lilikuwa jembamba, haliwezi hata kuficha mguu, na chini yake udongo mweusi, laini, unaingia kidole mpaka kwenye kiganja.

Nikainua jani moja lililokuwa na ngozi ya udongo juu yake. Chini yake walikuwepo, adui zangu, wamejipanga. Walikuwa wanakata vipande vidogo vya duara kwenye lile jani kavu, wakiacha mishipa yake kama wavu. Ukiinama karibu unawasikia, mlio mdogo kama manyunyu juu ya karatasi. Kila mmoja anachukua kipande chake anashuka nacho tunduni. Nilirudi siku nyingine nikachimba pembeni ya kichuguu, nikaona wanakokipeleka. Chini kuna vyumba, na ndani ya vyumba kuna vitu kama sifongo, vya rangi ya mkate, vyenye vidoadoa vyeupe vya ukungu. Jani gumu hawaliwezi peke yao. Wanalitafuna, wanalijenga pale, ukungu unalilainisha, ndipo wanakula. Wana shamba, mwanangu. Wanalima chini ya miguu yetu, na uyoga ule tunaougombania ni mazao yao yanayochungulia nje. Na yale matundu yao ndiyo milango ya maji ya mvua.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Baba yako aliniuliza kama kuni zimenishinda.

Sikutaka kuamini haraka, maana niliwahi kuamini haraka nikaona. Nilichukua machekeche mawili ya unga yaliyochakaa, nikaweka majani ya kokoa katikati, nikayafunga mdomo kwa mdomo kwa waya, mchwa asipite, ila maji na hewa vipite. Majani mengine kiasi kilekile nikayaweka kwenye kikapu cha bibi yako. Vyote nikaviacha msituni, pamoja, mpaka mpunga ulipomaliza kupaliliwa. Niliporudi, majani ya kwenye chekeche yalikuwa yamekuwa meusi na yamelegea, lakini yapo karibu yote. Ya kwenye kikapu hayakuwepo. Kikapu nacho hakikuwepo, ila mkono wake. Nilipata jibu langu, na jioni nikapata kazi ya kumweleza mama mkwe kikapu chake kimekwenda wapi.

Siku ile nilielewa pia habari ya sanduku langu. Miaka yote nilikuwa nawafagilia chakula chao nakichoma moto. Wenye njaa walifuata karatasi.

Nilijaribu kuwarudisha. Nilibeba mabonge ya kichuguu kichwani kutoka msituni, usiku watu wasinione, nikayazika chini ya kokoa. Walikufa. Hawakubali kuhamishwa na mtu, hasa mtu yule aliyewaua. Ikanibidi nisubiri waje wenyewe, na wao huja kwa njia moja tu, kwa mabawa.

Sasa nakuja kwenye lile kofi.

Ulikuwa na miaka kumi. Mvua ya kwanza ilikuwa imekatika jioni, kumbikumbi wakatoka upande wa mtoni wengi kama moshi, watoto wote wa kijiji wakatoka na ndoo. Wewe ulijaza ndoo yako shambani kwetu, ukaja unakimbia unione nikikukaangia. Mimi nilikunyang'anya ndoo nikaimwaga chini ya kokoa, na ulipoinama kuwaokota nikakupiga. Watoto wenzako walicheka. Ulilala bila kula, na kwa muda mrefu uliniamkia ukitazama mlango. Sikukueleza. Ningekueleza ningelazimika kusema mimi ndiye niliyeliua shamba, na kwa mtoto wa miaka kumi niliona afadhali nionekane mkali kuliko mjinga. Nilikosea. Ungeelewa upesi kuliko baba yako. Wale kumbikumbi walikuwa wawili wawili, wamekata mabawa, wanatafuta mahali pa kuingia ardhini kuanza upya, nami nilikuwa nimewangoja miaka mitatu. Hilo kofi nakuomba msamaha leo, nimechelewa miaka kumi.

Tangu siku ile sikufagia tena chini ya kokoa. Unajua walivyonisema. Hata wewe uliwahi kuniambia mbele ya wenzako kwamba mama amezeeka, majani yamemshinda. Nilimeza. Mwaka wa tatu niliona ngozi ya udongo juu ya jani moja. Mwaka wa tano jembe liliacha kulia. Miti ilirudi pole pole, mmoja mmoja, na ile ambayo haikurudi sikuing'oa, niliiacha nayo waile. Uyoga haukuota. Kila mvua za kwanza nilizunguka nikitazama chini kama niliyedondosha hereni.

Na ile sahani ya buluu ikabaki kabatini kwangu. Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo unalijua. Mara ya kwanza nilitaka kuirudisha na mchele, mchele wa Kyela, mtu yeyote angepokea. Mama Lusajo alikataa pale pale mlangoni. Alisema uyoga hurudi kwa uyoga, na hana haraka. Miaka kumi na mitano, mwanangu, kila nikifungua kabati inanitazama.

Siku nne zilizopita, asubuhi, ulipokuwa umekwenda mjini kutafuta begi, niliingia shambani nikaukuta. Chini ya mti wa saba kutoka mferejini, karibu na kichuguu ambacho hakifiki goti, miavuli myeupe imesukuma majani ikasimama. Nilikaa chini kwenye tope na kanga yangu nzuri. Kisha nikachuma, nikagawa sehemu mbili, nikaichukua ile sahani.

Mama Lusajo alikuwa anapepeta. Alifunua kitambaa, akanusa, akatazama ukingo wa sahani kama anaihakiki.

"Nilidhani sahani yangu imeolewa kwenu," alisema.

Nilicheka, halafu sikuweza kucheka. Nilimwambia kwamba yeye shamba lake mpaka leo limefunga, nami ndiye niliyempa ule unga, tena kwa maneno ya kumchoma. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo kwa mtu.

Aliweka ungo chini. "Aliyenipa namjua. Nilikuwa nasubiri kuona kama na wewe unamjua."

Kisha akaniuliza nafanyaje na yale majani. Nikamweleza yote, chekeche, kikapu, kofi. Kwenye kikapu alicheka kama bibi yako.

Tusajigwe, sikukatazi kwenda. Kazi umeitafuta mwenyewe, na mimi nataka mwanangu awe na mshahara na cheti kilicho mbali na mchwa. Wala sisemi dawa yote ni mbaya. Kuna siku mtu nyumba inamwangukia. Nguzo yangu nitaing'oa baada ya mvua, mpya nitaipaka oili chafu na kuisimamisha juu ya jiwe, vita yetu iishie hapo mlangoni. Ninachotaka kwako ni kidogo, na nitakuuliza kila ukija. Akija mama dukani, amekasirika kama nilivyokasirika mimi, muulize kwanza ni mchwa wa wapi, wa nyumbani au wa shambani. Akisema wa shambani, muulize majani yake yanakwenda wapi. Usimhubirie. Muulize tu, halafu mwache asimame pale akifikiri. Tajiri wako atakuona mvivu wa kuuza. Mwambie umelelewa na mvivu wa kufagia.

Kesho gari lako likishaondoka sitarudi nyumbani kulia, kilio cha baba yako kitatosha. Nakwenda kwa Mama Lusajo. Tumekubaliana tunaanza na mstari wa mferejini, tunarudisha majani chini ya miti yake yote, na mvua za kwanza mwakani hakuna mtoto atakayeingia kule na ndoo. Safari hii watoto tutawaeleza. Huenda itachukua tena miaka kumi na mitano. Nimehesabu umri wangu na wake, tukaona inawezekana tukiacha kugombana.

Begi lako nimelifungua nikalipanga upya. Kopo liko chini kabisa, halijafunguliwa, na karatasi yake yenye maua nimeirudishia. Juu yake kuna kifuko cha uyoga, sehemu yangu, nimeukausha juu ya meko siku tatu. Utakapofika Mbeya utakuwa na njaa, na kazi itakuwa inakungoja.

Kula kwanza.

Mama yako